Kuiba kwa Macho

Mwezi wa sita mwaka juzi shangazi yangu alinialika mgahawani. Nilikuwa nimefaulu mwaka wa tatu, naye alitaka kunipongeza kwa namna ambayo ukoo mzima ungesikia. Tulikaa karibu na dirisha, katikati ya mji wa Likasi, tukaagiza kuku wa mchuzi mwekundu. Kabla ya kuku kufika, mhudumu alileta kikapu chenye mikate midogo minne ya mviringo. Nikavunja mmoja. Ganda lilipasuka kwa sauti, na ndani mkate ulikuwa mweupe, wenye matundu, bado unatoa mvuke. Nilikula mitatu. Kuku alipofika, shangazi alikuwa ameshaanza kunisema.

Mkate tunaokula kila siku Likasi ni mwingine: mrefu, laini, wenye utamu kidogo, na ukiufinya unabaki umefinyika. Ni mkate mzuri na chai, na nimekua kwa huo. Lakini wa mgahawani ulikuwa na kitu ambacho sikuwa na neno lake, na kwa mtu anayesoma lugha kukosa neno ni usumbufu.

Nyumbani nilimsimulia mama. Mama huuza bitumbula kila asubuhi mbele ya kiwanja chetu, Kikula. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Unaweza kuutengeneza?" Halikuwa swali la mazungumzo. Ada ya mwaka uliofuata ilikuwa haijapatikana, na barabarani kwetu wauza bitumbula walikuwa wamefika watano. Mwenye kuuza kitu ambacho wengine hawana, huyo angepita.

Nilianza na kuku, kwa sababu kuku alionekana mgumu na mkate rahisi. Nilimuuliza mhudumu ndani ya mchuzi kuna nini, akacheka akasema pilipili na siri. Basi nilifanya kama tunavyofanya darasani na matini isiyo na jina la mwandishi: nikatafuta dalili. Nyanya, kitunguu saumu, pilipili, ndimu. Jumapili ya kwanza mchuzi ulikuwa mkali bila sababu. Jumapili ya pili ulikuwa mchachu. Jumapili ya tatu mama alichovya kidole, akafumba macho, akasema: "Haradali." Tulikuwa tumempata. Tulimla na bukari, na kaka yangu akasema huyu ni kuku wa mgahawani aliyerudi nyumbani kwa miguu.

Nikadhani sasa najua kunakili. Nikageukia mkate.

Maelekezo niliyoyasoma kwenye simu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, yote yalianza na sentensi moja: pasha oveni moto mpaka digrii 230. Sisi tuna mbabula mbili, na makala tunayonunua kwa mfuko. Jirani yetu ana oveni ya umeme, akakubali niitumie. Mara ya kwanza unga haukuumuka kabisa. Ilikuwa mwezi wa saba, na anayefikiri Afrika yote ni joto hajalala Likasi mwezi wa saba. Mji uko zaidi ya mita 1200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi baridi inaingia mpaka chini ya blanketi. Hamira, ambayo sisi tunaiita levire, ni kitu chenye uhai, na katika baridi ile ilikuwa imelala kama sisi. Mara ya pili niliongeza hamira maradufu. Unga ukapanda haraka, nikauingiza katika oveni, na umeme ukakatika mkate ukiwa nusu. Ulishuka katikati kama paa lililooza, ukawa na harufu ya pombe. Mara ya tatu niliacha oveni, nikaoka ndani ya sufuria juu ya mbabula. Chini ukawa mweusi, juu ukabaki mweupe.

Huo wa tatu niliupeleka kwa nkambo. Kwetu nkambo ni babu. Wenzetu wa Tanzania wasimchanganye na baba wa kambo. Nkambo wangu ni baba wa mama, alizaliwa 1938, na anaishi katika chumba cha nyuma. Aliugeuza mkate, akaugonga kwa kidole chini, akasikiliza. Kisha akasema:

"Mama, hii haina mukate. Ni libwe."

Mama alikuwa ni mimi. Ndivyo mzee anavyomwita mjukuu wa kike. Na kwa wasomaji wasio wa Katanga, "haina" hapo ni "si": hii si mkate, ni jiwe. Lakini hukumu haikunishangaza kama kile kidole. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akigonga mkate kama anayegonga mlango.

Nilijua, kama ukoo wote unavyojua, kwamba nkambo aliwahi kuwa mpishi kwa Wazungu. Aliingia jikoni mwa familia ya injinia mmoja wa migodi mwaka 1953, akiwa na miaka 15, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville. Jina la Likasi lilirudi rasmi mwaka 1966. Zaidi ya hapo tulikuwa hatujui kitu. Kuhusu miaka yake ya baadaye, ya kiwandani Shituru, alisimulia mpaka tukachoka. Kuhusu jikoni, hakuna. Ukimuuliza alipika nini, alijibu: "Chakula." Nyumbani hakupika hata mara moja. Bibi alipokuwa mgonjwa, tuliletewa chakula na majirani, na nkambo akakaa nje.

Sasa lazima niseme nililolifanya. Darasani tulikuwa tumesoma *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, iliyotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa majumbani mwa Wazungu. Ni historia ya Lubumbashi iliyoandikwa na mabwana wasioitwa mabwana, watu walioitwa maboyi, kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, kwa mashine ya chapa, maneno yakigawanywa bila kanuni ya shule. Johannes Fabian aliichapisha tena mwaka 1990, na ili ieleweke ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti, kwa sababu jicho peke yake lilikuwa linapotea; sikio ndilo lilijua neno linaanzia wapi. Somo lile lilinikaa kichwani. Na nilipoona kidole cha nkambo juu ya mkate, nikafikiri: huyu hapa ni Yav wangu. Kazi yangu ya mwisho wa masomo iko katika chumba cha nyuma.

Kwa hiyo jioni iliyofuata nilimpelekea chai, nikaanza kumuuliza juu ya mkate, na simu yangu nilikuwa nimeiweka mezani, chini ya kitambaa, ikinasa sauti. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia kwamba nikimwomba atanyamaza, na kwamba nitamwambia baadaye. Alikuwa ameanza. Alisema maji yasiwe ya moto, yawe kama ya kuogesha mtoto. Alisema unga haukimbizwi. Kisha ujumbe ukaingia, na kitambaa kikawaka.

Nkambo alikiangalia kitambaa mpaka kikazimika.

"Weye unaiba na telefone," alisema. Hakupandisha sauti. "Miye niliiba na macho. Madamu akikukamata, unapigwa. Weye nani atakupiga?"

Akageukia ukuta. Nilichukua kikombe nikatoka.

Siku mbili hakusema na mimi. Mama alipojua, hakunifokea, na hilo lilikuwa baya kuliko kufokewa. Aliniambia tu: "Umemkosea mzee. Ujue utamwambia nini." Siku ya tatu niliingia chumbani kwake, nikapiga magoti, nikapiga makofi mara mbili tatu kama anavyofanya mtu wa kwetu mbele ya mkubwa, nikaomba msamaha. Nikamwonyesha simu, nikafuta ile sauti mbele yake. Aliangalia kidole changu kikigusa kioo.

"Imeisha?"

"Imeisha, nkambo."

"Nitajua namna gani?"

Sikuwa na jibu. Hajui kusoma vile vialama vya simu. Ilimbidi aniamini au asiniamini. Nafikiri hapo ndipo nilielewa ninachomdai mtu ninaposema nakusanya data.

Nilichoshika kutoka kwa ile jioni ni neno lake la kuiba. Nimelifikiria sana. Aliponieleza baadaye, alisema hakuna aliyemfundisha kuoka. Madamu alikuwa na kitabu, na kitabu kilikuwa juu ya kabati. Madamu aliposoma, yeye alisimama mlangoni akitazama mikono: inachukua wapi, inaacha lini, inaongeza nini inapodhani hakuna anayeona. Usiku alirudia mikono ile hewani, kitandani, katika kijumba cha nyuma ya nyumba kubwa. Baada ya mwaka mmoja madamu aliacha kuingia jikoni. Wageni walisifu mikate yake, naye akasema ahsante.

Jioni ya siku ileile nilipoomba msamaha, nkambo alitembea mpaka jikoni kwetu, akavuta kiti, akakaa. Mama alisimama na sufuria mkononi kama aliyeona mgeni. Nkambo alisema alete unga.

Nitaandika tulivyofanya, kwa sababu hili ameniruhusu. Unga wa ngano nusu kilo. Maji ya uvuguvugu, glasi moja na nusu hivi, hayamiminwi yote mara moja, kwa kuwa kila mfuko wa unga unakunywa kwa kiasi chake. Hamira nusu kijiko cha chai, si zaidi, maana usiku ni mrefu na utafanya kazi bure. Alitaka tukande mpaka unga uache kushika vidole. Ukivuta kipande polepole kati ya mikono miwili, kiwe chembamba kama ngozi ya ngoma na kisipasuke. Mikono yake sasa inatetemeka, kwa hiyo alikanda kidogo, akaniachia, akanikatiza kila mara kwa kunipiga kofi dogo la kiganja pale ninapobonyeza vibaya. Kisha unga ukafunikwa kwa kikwembe na kuwekwa kando ya mbabula iliyokuwa inakufa, pembeni, si juu yake. "Inasikia moto," alisema, "haiguse moto."

Alfajiri unga ulikuwa umejaa bakuli. Aliubonyeza kwa kidole gumba. Kishimo kilirudi taratibu, akaridhika. Tukagawa mikate minane. Sufuria kubwa iliwekwa juu ya mbabula ikiwa tupu, chini yake ndani mchanga mkavu, na mfuniko ukawekewa makala yanayowaka juu, ili moto utoke pande mbili. Hapo ndipo nilikuwa nimekosea mara ya tatu: moto wangu ulitoka chini tu. Sufuria ilipokuwa moto sana ndipo tukashusha sinia la mikate, tukafunika, na hakuna kufungua.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba waokaji wa Ulaya wanatia mvuke katika oveni, kwa sababu ganda likibaki na unyevu mwanzoni mkate unapata nafasi ya kupanda, kisha ganda likikauka linang'aa na kupasuka. Ile oveni ya jirani niliyoililia isingenipa mvuke. Sufuria iliyofunikwa inaufunga mvuke wa mkate wenyewe ndani. Baada ya robo saa nkambo alisogeza mfuniko kidogo, mvuke ukatoka, tukasubiri dakika kumi nyingine. Alichukua mmoja akiwa ameshika kitambaa, akaugeuza, akaugonga. Ulitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani.

Tulipoivunja, ganda lilipasuka kama la mgahawani. Ladha haikuwa ile. Ilikuwa bora, na sikujua kwa nini, mpaka nilipomuuliza mbona aliweka vijiko viwili vya chumvi wakati maelekezo mengine niliyosoma yalisema kimoja.

Ndipo alinisimulia. Kwa injinia alioka mikate minane kila asubuhi, na madamu aliihesabu ikiwa kwenye kikapu. Miaka saba alioka mkate ambao hakuwahi kuuonja. Alijua sauti yake, uzito wake, harufu yake, ladha hakuijua. Mwezi wa saba 1960, siku chache baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni, askari wa Force Publique waliasi, na Wazungu wengi wa Katanga walikimbilia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Familia ya injinia iliondoka usiku. Asubuhi nkambo alikuta nyumba wazi, redio ikisema peke yake, na mezani jikoni bakuli lake la unga, limefunikwa kwa kitambaa cheupe, limeumuka. Alikuwa na miaka 22, miaka niliyokuwa nayo mimi nilipomsikiliza. Alifikiri kidogo, akawasha moto, akaoka. Kisha akakaa kwenye kiti cha mezani, si kile cha jikoni, akala mikate yote minane.

"Ilikuwa na ladha gani, nkambo?" Mama ndiye aliyeuliza.

Nkambo alicheka, na meno yake machache yakaonekana.

"Chumvi ilipungua."

Madamu alikuwa amemkataza kuongeza. Kijiko kimoja, kila asubuhi, miaka saba. Ile ya pili katika bakuli letu ilikuwa imesubiri zaidi ya miaka 60.

Mama alianza kuuza mikate ile mwezi wa nane. Kwa unga wa ngano peke yake faida ilikuwa ndogo mno, kwa sababu ngano tunayotumia inatoka mbali na bei yake inapanda bila kuaga. Tukajaribu. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, sehemu moja kwa sehemu tatu za unga, vilitupa mkate wa njano unaokaa laini siku mbili. Unga wa mihogo ukizidi robo, mkate unakuwa mzito na kuvunjikavunjika. Unga wa mahindi tulionunua kwa meka tuliuchemsha kwanza kama uji, tukauacha upoe, ndipo ukakubali kukandwa. Nkambo alitushauri badala ya maji tutumie munkoyo uliokaa siku tatu. Alisema hamira ilipokosekana wakati wa vita vya Katanga, ndivyo walivyofanya. Munkoyo peke yake ulitupa mkate mfupi, mzito kama soli ya kiatu. Lakini nusu munkoyo nusu maji, pamoja na ile hamira kidogo, ulitoa mkate wenye uchachu mdogo unaobaki mdomoni, na wanafunzi wa jirani wanauulizia kwa jina: mukate wa munkoyo.

Haukulipa ada yote. Ulilipa karibu nusu, na nyingine shangazi aliitoa kwa masharti kwamba kila Jumamosi apelekewe mikate sita. Jumamosi, ambayo wazee wetu bado wanaiita siku ya posho, kwa kuwa ndiyo siku wafanyakazi wa migodi walipokea mgao wao wa chakula.

Kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu kitu kingine. Niliporudi Lubumbashi mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini nimeacha mada nzuri kama ile, nikamjibu kwamba mwenye mada hakuniruhusu. Nilipotaka kuandika haya, nilisafiri zile kilomita 120 kwenda kumuuliza nkambo kwanza, uso kwa uso. Alifikiri muda mrefu. Akasema mkate niuandike, ya mwaka 1960 niyaandike, jina lake nisiliandike. Kisha akaniuliza kama watu wa chuo wataelewa Kiswahili chake. Nikamwambia nitakayoweza nitayaacha kama alivyoyasema.

Mama anaoka nane nane, kwa kuwa sufuria yetu inachukua nane. Nkambo huamka mapema siku ya posho, anakuja jikoni na fimbo yake, anagonga mmoja mmoja kwa chini. Anachagua uliotoa sauti nzuri kuliko wote, anaula pale pale ukiwa moto. Baada ya hapo ndipo anasema tuhesabu.